Korongo Ndilo Mto Wetu: Mwongozo wa Kufundisha Safari ya Maji Nzuguni

Mwalimu, vitabu vyetu vya jiografia huchora mto kwa mstari wa buluu usiokatika kutoka mlimani hadi baharini. Mwanafunzi wa Nzuguni, hapa Dodoma, anafunga kitabu, anatoka nje ya geti, na anachokutana nacho ni korongo: mchanga mweupe, kingo zilizomeguka, mifuko ya plastiki iliyonasa kwenye miiba, vijana wanaopakia mchanga. Anajiambia kwamba mito iko kwingine, Rufiji au Ruvu, na kwamba kwao ipo njia ya maji machafu tu. Mwongozo huu ni wa kuliondoa wazo hilo kichwani mwake, kwa mikono yake mwenyewe. Korongo ndilo mto wa huku, na karibu kila somo la maji unalotaka kufundisha lina mahali pake hapo.

Mvua ya Dodoma kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kwa hiyo kazi yako ina nusu mbili. Kiangazi ni wakati wa kutembea korongoni, kuchora, kupima mchanga na kuandaa vifaa. Masika ni wakati wa kukusanya vipimo mkiwa mbali na mkondo. Ukianza Januari bila maandalizi ya kiangazi, utaishia kuwaonesha watoto tope.

Kabla ya hatua ya kwanza

Korongo huua, kwa hiyo tulimalize hili mapema. Maji ya mvua iliyonyesha juu ya bonde yanaweza kufika kwenu jua likiwaka, na hufika kwa ghafla. Sheria ya darasa iwe moja tu, isiyo na mjadala: wingu likionekana upande wowote, hakuna anayeshuka korongoni, na maji yakiwa yanapita hakuna anayevuka, hata yakiwa ya magotini. Vipimo vya masika vyote vifanyike kutoka ukingoni au juu ya kalavati.

Hatari ya pili haina kelele. Madimbwi yanayobaki baada ya mafuriko yanaweza kuwa na konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Watoto wasiingie. Chota maji kwa kopo lililofungwa kwenye mti mrefu, mwenye kushika chombo avae glavu na mabuti, na kila mtu anawe kwa sabuni mkirudi. Hatari ya tatu ni mashimo ya wachimba mchanga na visima vya kuchimba mchangani: kuta zake huporomoka. Yatazameni kwa mbali.

Zungumza na mwalimu mkuu, wazazi na mwenyekiti wa mtaa kabla ya kutoka. Mwenyekiti mwalike mwenyewe aje. Mtamhitaji baadaye.

Fuateni tone moja

Siku ya mvua, wasimamishe wanafunzi barazani na uwaulize swali moja: maji ya paa hili yanakwenda wapi? Usijibu. Waache wabishane. Mvua ikishapita na ardhi kukauka, fuateni michirizi iliyobaki kwenye vumbi, kutoka kona ya darasa hadi mtaroni, kutoka mtaroni hadi korongoni. Kila kundi lichore linachokiona: choo kiko wapi, shamba liko wapi, jalala liko wapi, mtaro wa barabara unaingilia wapi. Kisha geukeni, mpande kuelekea juu, mpaka mfike mahali ambapo maji yangeanza kuteremkia upande mwingine. Hapo ndipo mpaka wa bonde lenu. Ni mpaka ambao haukuwekwa na ofisi yoyote wala hauna jiwe la alama, na kwa maji ndio mpaka pekee unaohesabika.

Mkirudi, rundikeni mawe na matofali uwanjani, mfunike kwa turubai, mlikandamize mpaka mabonde yajitokeze. Mwanafunzi mmoja anyunyize maji juu kwa kopo lililotobolewa. Wengine waoneshe kwa kidole mahali maji yanapogawanyika. Halafu mwagieni majivu mahali palipo “mtaa” na vumbi la mkaa mahali palipo “gereji”, mnyunyize tena, na mtazame rangi ya maji yanayofika chini. Somo hili halihitaji maelezo marefu. Mtoto anayeishi mwisho wa turubai atalielewa kabla hujafungua kinywa.

Sasa panua ramani. Maji ya upande wa mashariki wa Dodoma, ndio upande wetu, huelekea Mto Kinyasungwe, yakaingia Mkondoa upande wa Kilosa, yakaungana na Wami na kumwagika Bahari ya Hindi kaskazini ya Bagamoyo. Magharibi ya jiji mambo ni tofauti: maji huteremkia Bahi, kwenye tindiga lisilo na mlango wa kutokea, ambako Mto Bubu nao huishia na maji yake kukaukia hapohapo. Mvua ya siku moja, ikinyesha juu ya mkoa mmoja, inaweza kufika baharini au isifike kamwe, kutegemea imeangukia upande gani wa mwinuko. Waambie pia kwamba tunayoyafanya huku yanafika kwa wenzetu: mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaling’oa reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe, na maji yaliyoing’oa yalitoka kwenye bonde hili la Kinyasungwe na Mkondoa.

Kipimo cha mvua cha chupa

Kata chupa ya maji yenye kuta zilizonyooka, geuza sehemu ya juu iwe faneli, tia changarawe chini ili isianguke, mimina maji hadi yafunike changarawe na pale pawe sifuri. Bandika rula. Iwekeni mbali na miti na mapaa, na isomwe kila siku saa 3 asubuhi, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Hapa utagundua nani ana moyo wa kazi.

Kisha hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Darasa lenye paa la mita 20 kwa 8 lina mita za mraba 160. Mvua ya milimita 10 inaliletea lita 1,600, yaani ndoo 80 za lita 20. Watoto wanaoteka maji kila asubuhi wanajua ndoo 80 ni kazi ya namna gani, na watauliza wenyewe kwa nini paa halina mfereji wa kukingia maji. Swali hilo walipeleke kwa kamati ya shule kwa barua waliyoiandika wao, hesabu zikiwa ndani.

Ndoo ya mchanga

Kama una nafasi ya kufanya jaribio moja tu katika mwongozo huu, fanya hili.

Jaza ndoo ya lita 20 kwa mchanga mkavu wa korongo. Waulize wanafunzi kama ndoo imejaa. Watasema imejaa. Mwanafunzi amimine maji polepole kwa kikombe cha nusu lita, mwenzake akihesabu, mpaka maji yameremete juu. Mara nyingi zitaingia lita 6 hadi 8. Ndoo “iliyojaa” imemeza theluthi nyingine. Toboa chini kwa msumari, kinga yanayotoka, pima. Yatatoka pungufu, kwa sababu mengine yameshikwa na chembe za mchanga. Rudia kwa udongo mweusi wa mbuga, na mtaona maji yanasimama juu, yanakataa kushuka.

Sasa wapeleke korongoni na kamba ya kupimia. Chukulia kipande chenye urefu wa mita 100, upana wa mita 10 na mchanga wenye kina cha mita 2. Ni mita za ujazo 2,000 za mchanga. Nafasi ya maji ndani yake ni karibu theluthi, zaidi ya lita 600,000, zimelala kivulini chini ya ardhi mahali ambapo jua halizikaushi na mbu hawazalii. Ndiyo maana bibi zao walichimba mchangani Septemba na wakapata maji, wakati lambo limebaki nyufa. Waombe wanafunzi wawaulize wazee nyumbani: mlichimba wapi, kina gani, mwezi gani maji yalikata? Majibu hayo ni takwimu, yaandikwe pamoja na mtaa na makadirio ya mwaka.

Hesabu nyingine ni ngumu kidogo kuisema, lakini iseme. Tipa likibeba mita za ujazo 6 za mchanga, limeondoa nafasi ya kuhifadhi lita 2,000 hivi. Dodoma inajengwa, tangu Serikali ilipotangaza 2016 kuhamia huku, mahitaji ya mchanga yamepanda, na sensa ya 2022 ilikuta watu 765,179 ndani ya jiji. Nyumba haziwezi kujengwa kwa maneno, na wengine kati ya wazazi wa wanafunzi wako wanakula kwa kazi ya mchanga. Usiwageuze watoto kuwa waendesha mashtaka wa baba zao. Wafundishe kuuliza mchanga upi, kutoka kipande kipi, na kiasi gani korongo linarudishiwa kila masika.

Makutupora, ng’ambo ya jiji

Jaribio la ndoo si mchezo wa watoto pekee. Jiji la Dodoma limenyweshwa kwa miongo mingi na visima virefu vya Makutupora, kaskazini ya mji, na tangu miaka ya 1950 watumishi wa maji wamekuwa wakipima kina cha maji katika visima vya huko na kuandika. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Richard Taylor wa London, akiwemo Lister Kongola aliyekuwa mtaalamu wa maji hapa Dodoma, walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu hizo za miaka 55. Waligundua kwamba maji ya ardhini hayaongezeki kidogo kidogo kila masika. Yanashuka mwaka hadi mwaka, kisha msimu mmoja wa mvua kubwa sana unayarudisha juu kwa pamoja. Msimu ulioongeza zaidi kuliko yote ulikuwa wa El Niño ya 1997/98. Mvua ile ile tunayoikumbuka kwa madaraja yaliyobomoka ndiyo iliyojaza visima.

Kazi iliyofuata, ambayo Profesa Japhet Kashaigili wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo alishiriki na kuchapishwa 2021, ilionesha maji hayo yanapitia wapi: kwenye vitanda vya mchanga vya mito ya msimu, ikiwemo Kinyasungwe Ndogo. Kwa maneno mengine, korongo ni mlango. Ukiuziba kwa taka na zege, maji yatapita juu kwa kasi, yatavunja kuta za watu, yataondoka.

Mbona nakaa hapa muda mrefu? Kwa sababu mwanafunzi akishajua kwamba maji ya bombani yaliingia ardhini kupitia mchanga kama ule wa nyuma ya shule, hutahitaji kumwambia asitupe taka pale.

Tope kwenye chupa

Mafuriko yanapopita, chota maji kutoka kalavati kwa kopo la kamba: moja mwanzoni, moja maji yakiwa mengi, moja yakipungua. Weka kwenye chupa za aina moja, andika saa, ziache zitulie siku tatu, pima unene wa tope kwa rula. Kando yake tengeneza vitalu vitatu kwa madumu ya plastiki yaliyokatwa ubavu: kimoja udongo mtupu, kimoja udongo uliofunikwa majani makavu, kimoja nyasi hai zilizong’olewa na mizizi yake. Viinamishe sawa, mwagilia kiasi kile kile, kinga maji. Kitalu cha udongo mtupu kitatoa maji mekundu.

Dodoma ina historia yake katika jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Anders Rapp wa Uppsala na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipima tope katika mabwawa ya Ikowa, Matumbulu, Msalato na Imagi, wakaona yanajaa haraka mno, na kwamba sehemu kubwa ya tope ilitoka kwenye mashamba na malisho yaliyoachwa wazi, ikichukuliwa na maji yanayotambaa juu ya ardhi kabla hata ya kufika korongoni. Mwaka 1973 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika la Kondoa. Wanafunzi wa darasa la sita au la saba wanaweza kujadili uamuzi ule: nani alifaidika, nani aliumia, ardhi ilipona?

Wanaolala ardhini

Ikolojia ya mto usio na maji miezi saba ni ikolojia ya kusubiri, na ndiyo sehemu watoto wanayoipenda kuliko zote. Mwezi wa Oktoba, chukueni tope kavu kutoka chini ya dimbwi lililokuwa na maji kwa wiki kadhaa masika iliyopita. Litieni kwenye beseni jeupe, unene wa vidole viwili, mmimine maji ya mvua mliyoyahifadhi. Ya bomba yana dawa. Funikeni kwa kipande cha chandarua ili mbu wasizaliane, muweke kivulini. Ndani ya siku chache mara nyingi vitaanza kuonekana viumbe vidogo vinavyoogelea kwa kurukaruka, jamaa wa kamba na uduvi, waliokuwa mayai ndani ya vumbi. Tumieni lenzi, au tone la maji juu ya nailoni angavu. Yapo madimbwi ya msimu nchini mwetu yenye hata samaki wa namna hii, jamii ya Nothobranchius: hutaga kwenye tope, hufa dimbwi likikauka, na watoto hutoka mayaini mvua ikirudi.

Masika ikifika, chujio la chai lililofungwa kwenye mti linatosha kuvua wadudu wa dimbwini ukiwa ukingoni. Wekeni kwenye sahani nyeupe, mchore, mhesabu, mrudishe. Watoto wa kereng’ende wana taya la kukunjuka. Viluwiluwi vya mbu hupumua kwa mkia uliogusa uso wa maji. Wapo wadudu wadogo wenye mikia mitatu, na hao wengi wao hawavumilii uchafu. Dk. Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walitengeneza mfumo uitwao TARISS, uliochapishwa 2015, wa kupima afya ya mito ya Tanzania kwa kuangalia wadudu gani wanaishi humo. Msitumie alama zake kwenye dimbwi la korongo, kwa kuwa dimbwi la msimu si mto unaotiririka. Wazo lake ndilo mlichukue: linganisheni dimbwi lililo juu ya jalala na lililo chini yake, mwone nani yupo na nani hayupo.

Na msisahau miti. Mkuyu ukisimama kijani kando ya korongo mwezi wa Septemba, mizizi yake imefika penye maji. Mkababu una tabia ya pekee: huota majani kiangazi na kuyapukutisha mvua zikianza. Kila mwanafunzi apewe mti mmoja wa kuuandikia mara moja kwa mwezi.

Mita 60

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, bwawa au ziwa. Chukueni kamba ya mita 60, mpime kutoka ukingoni, mwandike kila mlichokikuta: nyumba, choo, bustani ya mchicha, gereji, kanisa, mti. Msiandike jina la mtu. Mkipata ramani, ipelekeni kwa mwenyekiti wa mtaa, na nakala kwa ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Mwalimu, uwe mwangalifu na kauli hapa. Wengi wamejenga walipopata kiwanja, na mtoto anaweza kugundua kwamba nyumba yao iko mita 25 kutoka ukingoni. Ramani ioneshe maji yanakopita na wapi patapona kwa kupanda nyasi au kuweka kinga, isiwe orodha ya wakosaji.

Kitu cha kufanya kwa mikono

Kupima bila kutenda huwachosha watoto. Chagueni mteremko mmoja ndani ya eneo la shule. Tafuteni visiki vilivyo hai, mchague machipukizi machache yenye nguvu, mpogoe mengine, mweke alama ya kitambaa. Hii ndiyo njia ya Kisiki Hai ambayo LEAD Foundation imeieneza Dodoma, na haihitaji miche wala maji ya kumwagilia. Chimbeni makinga maji kufuata kontua. Kontua mtaipata kwa mpira mwangavu wenye maji ambao mafundi ujenzi hupimia levo; mwombeni fundi wa jirani aje awaoneshe, atafurahi. Na wiki ya Nanenane, mwanzoni mwa Agosti, viwanja vya maonesho viko hapo hapo Nzuguni. Wapeleke watoto wakiwa na maswali yaliyoandikwa, wawaulize wataalamu wa udongo na maji.

Mwisho, daftari. Liwe moja, kubwa, la jalada gumu, likae ofisini kwa mwalimu mkuu: mvua ya kila siku, tarehe korongo liliposhuka, unene wa tope, viumbe vilivyoonekana, majina ya wanafunzi waliopima. Mwaka wa kwanza halitakuambia mengi. Kumbukumbu za Makutupora nazo zilikuwa namba tupu kwa miaka mingi, mpaka zilipofika nusu karne zikafundisha dunia. Darasa linalohitimu likabidhi daftari kwa linalofuata, mbele ya wazazi, na wewe ukihamishwa shule umkabidhi mwenzako kwa maandishi. Nunua daftari hilo kabla ya Desemba.